Kipimo cha Sukari Hakitoshi kwa Mbwa Mnene

Nyuma ya kuta za Kiriri, Rohero na Kinindo, mitaa ya Bujumbura, wamo mbwa ambao kazi yao ya kutwa nzima ni kulala karibu na geti na kuinuka anapobisha mgeni. Wanashiba: bugali uliobaki, mchuzi wenye mawese, vichwa vya sangala, vipande vya mafuta ya mbuzi vilivyokataliwa kwenye mishikaki. Baada ya miaka miwili au mitatu shingo inajaa, kiuno kinapotea, na mnyama anahema kwa kupanda ngazi za baraza tu. Mwenye mbwa akiambiwa kuwa mnyama wake amenenepa kupita kiasi, atasema mlinzi lazima awe na mwili, au, ikiwa ni mtu wa kufuatilia mambo, atasema daktari wa mifugo amempima sukari na sukari iko sawa. Hilo la mlinzi nitalifikia. Hili la sukari ndilo gumu zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo umewalaza wengi usingizi.

Ukweli wenyewe ni huu: mbwa si binadamu katika suala la kisukari. Mtu anayenenepa kwa miaka mingi anaweza kupata kisukari cha aina ya pili, kile ambacho insulini ipo mwilini lakini haifanyi kazi yake vizuri. Kwa mbwa kisukari cha namna hiyo hakijathibitishwa kuwa kitu cha kawaida. Kisukari kinachowapata mara nyingi ni kile cha kukosa insulini, pale seli za kongosho zinazoitengeneza zinapokufa. Tena tuliyoyajua kuhusu kongosho tuliyajua kupitia kwao. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best wakashusha sukari ya mbwa waliotolewa kongosho kwa maji yaliyokamuliwa kwenye kongosho la mbwa mwingine. Kwa hiyo anayesema mbwa wake ni mnene na hana kisukari huenda anasema kweli kabisa. Anapokosea ni pale anapomaliza mazungumzo hapo. Swali linalobaki ni gharama gani mwili wa mnyama huyo unalipa ili sukari ionekane sawa.

Jibu zuri la swali hilo limetoka Los Angeles, katika maabara ya Richard Bergman, ambako kwa miaka mingi mbwa walilishwa chakula chenye mafuta zaidi ya kawaida huku miili yao ikipimwa hatua kwa hatua. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, jumla ya nishati ya chakula haikubadilishwa. Kilichoongezwa ni sehemu ya mafuta tu, kwa wiki 12. Uzito wa mbwa haukubadilika kwa kiasi cha kushtua. Lakini mafuta ya tumboni yaliongezeka sana, na ini likawa la kwanza kuacha kuitii insulini. Kwa kawaida insulini ikipanda baada ya mlo, ini huacha kumwaga sukari kwenye damu. Ini la mbwa hawa liliendelea kuimwaga hata lilipoamriwa kuacha. Hata hivyo sukari ya damu haikupaa. Maabara hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha mwaka 2000 kwamba mwili hujilinda kwa njia mbili kwa mpigo: kongosho linamimina insulini nyingi zaidi, na ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kuiondoa insulini kwenye damu, linapunguza kasi ya kuiondoa. Insulini inajaa, na sukari inabaki palepale. Ni kama duka linalolipa kodi ya nyumba kila mwezi kwa kukopa: mwenye nyumba hana la kulalamika, lakini daftari la madeni linazidi kunenepa. Anayempima mbwa sukari peke yake anazungumza na mwenye nyumba.

Madeni hayo yanaandikwa wapi? Kwanza kwenye mafuta yenyewe. Tulizoea kuyaona mafuta ya mwilini kama akiba iliyolala, kumbe ni kiungo kinachofanya kazi na kutoa homoni. Kadiri yanavyojaa ndivyo leptini, homoni inayopeleka ubongoni habari ya shibe, inavyopanda mpaka ubongo unaacha kuisikiliza. Ndiyo maana mbwa mnene bado anaomba chakula kwa macho yaleyale ya njaa. Seli za mafuta zilizojaa kupita kiasi pia huchochea uvimbe wa chinichini usio na kidonda wala homa. Mafuta ya damu huongezeka, kolesteroli na trigliseridi pamoja, na shinikizo la damu nalo linaweza kupanda kidogo. Kongosho la mbwa mnene liko pia katika hatari zaidi ya kuvimba ghafla, ugonjwa unaomtapisha mbwa, unaomkunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, na ambao mara nyingine humuua. Mlo mmoja mzito wa mafuta baada ya sherehe unaweza kuuamsha.

Hapa msomaji makini ana haki ya kuuliza: je, kila mbwa mnene yuko hivyo? La. Watafiti waliowachunguza mbwa 35 waliopelekwa kutibiwa unene katika Chuo Kikuu cha Liverpool, wakachapisha matokeo mwaka 2012, walitumia vigezo vilivyoigwa kutoka kwa binadamu na kukuta mbwa saba, yaani mmoja kati ya watano, wenye mkusanyiko wa kasoro hizo za kimetaboliki. Wanne kati ya watano hawakufikia kiwango hicho. Ningekuwa nauza dawa ningeificha namba hii. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba mbwa walipopunguzwa uzito, insulini yao, mafuta ya damu yao na shinikizo lao vilishuka. Vitu hivyo visingeshuka kama vingekuwa mahali pake tangu mwanzo. Kutofikia kizingiti cha ugonjwa na kuwa mzima ni mambo mawili, na mwenye mbwa hana jicho la kumwonyesha mnyama wake yuko upande gani wa kizingiti.

Tena kuna ushahidi usiohitaji maabara: kalenda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulifuatilia Labrador 48 tangu wakiwa watoto hadi mwisho wa maisha yao. Walipangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja. Mmoja alikula kiasi alichopewa, mwenzake akapewa asilimia 25 pungufu ya hicho. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni kipimo cha bakuli. Waliokula pungufu waliishi miaka 13 kwa wastani wa kati, wenzao miaka 11.2. Waliokula pungufu walichelewa pia kupata maumivu ya viungo, na miili yao iliitumia insulini vizuri zaidi. Na ifahamike kwamba wale walioitwa walaji wa kawaida hawakuwa mapipa. Walikuwa wanene kiasi tu, wa namna ambayo mjini kwetu tungewasifia. Sitadai kwamba kila mbwa atapata nyongeza ya karibu miaka miwili. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa kumbukumbu za zaidi ya mbwa 50,000 wa aina 12 huko Marekani Kaskazini ulikuta kwamba unene ulipunguza maisha katika aina zote hizo, ila kwa viwango tofauti: miezi mitano hivi kwa German Shepherd dume, miaka miwili na nusu kwa Yorkshire Terrier dume. Mwelekeo ni mmoja. Ukubwa wa hasara ndio unaotofautiana.

Sasa tuje kwenye hoja ya mlinzi. Wanaoitoa wanamwogopa mwizi, na hofu hiyo naielewa. Lakini tazama mlinzi anafanya nini. Anasikia, anabweka, anakimbia kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, na akibanwa anaruka. Mafuta hayamsaidii katika lolote kati ya hayo. Bujumbura iko chini, mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na joto lake linafika nyuzi 30 mchana. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza hasa kwa kuhema. Aliyevaa tabaka la mafuta chini ya ngozi anahifadhi joto asilolihitaji, na mafuta yaliyojaa kifuani na shingoni yanabana njia ileile anayojipoza nayo. Mbwa mwenye misuli na kiuno anatisha zaidi getini, na saa tisa mchana anaweza bado kusimama.

Hoja nyingine inasema unene ni wa mbwa wa kizungu, kwamba mbwa wetu wa kienyeji amezoea bugali na hanenepi. Nusu yake ni kweli: mbwa wa mitaani hanenepi kwa sababu anatafuta chakula chake kwa miguu na hakipati kila siku. Mlete ndani ya ua, mpe bakuli mara mbili kwa siku, na tabia yake ya kula kila anachokiona itamgeuka. Kwamba mbwa amezoea wanga ni kweli pia. Watafiti wa Uppsala walionyesha mwaka 2013 kuwa mbwa mwitu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kwenye kongosho, ilhali mbwa wa nyumbani wana kuanzia nne hadi 30. Lakini uwezo wa kumeng'enya maana yake ni kwamba hakuna kinachopotea: bugali wote unageuka nishati, na nishati isiyotumika inageuka mafuta. Bugali wa muhogo una tatizo la ziada. Ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kidogo mno. Mbwa anayeishi kwa bugali wa muhogo na mawese anaweza kunenepa na kukonda kwa wakati mmoja: mafuta yanaongezeka huku misuli ya mapaja na mgongo ikiyeyuka. Na misuli ndiyo inayochoma sukari nyingi kuliko kiungo kingine.

Zipo pia aina zilizozaliwa na njaa. Watafiti wa Cambridge waligundua mwaka 2016 kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro katika jeni iitwayo POMC inayohusika na shibe. Mbwa wa namna hiyo hatajizuia mwenyewe hata siku moja. Zaidi ya hapo, mbwa aliyehasiwa anahitaji chakula kidogo zaidi na wakati huohuo anakitaka zaidi. Kuhasi ni jambo jema, ila bakuli lipunguzwe wiki hiyohiyo badala ya kungoja mwaka mmoja.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya aibu. Utafiti wa afya ya jamii wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa. Katika nchi hiyo, kuandika kuhusu mbwa wanene kunaweza kuonekana kama dhihaka. Nionavyo mimi, aibu iko katika kulisha kupita kiasi, na kunyamaza hakuiondoi. Kila kijiko cha mafuta kinachomdhuru mbwa kilinunuliwa sokoni kwa pesa, na dawa za viungo na kongosho zitanunuliwa kwa pesa nyingine. Kumpunguzia mbwa mnene chakula ni mojawapo ya tiba chache zinazomwachia mtu fedha mfukoni. Wanaosema kutupa makombo ni dhambi wako sahihi, lakini mwili wa mbwa si jalala. Makombo wapewe kuku na bata, na dawa yake ya kweli ni kupika kiasi kinacholiwa.

Basi mwenye mbwa afanye nini? Aanze na mikono yake. Pitisha vidole juu ya mgongo wa kiganja chako kilichonyooshwa: mifupa inasikika chini ya ngozi bila kubonyeza. Mbavu za mbwa zinatakiwa kusikika hivyohivyo. Ikibidi ubonyeze ndipo uzipate, amezidi; usipozipata kabisa, amezidi sana. Kisha msimamie kwa juu uone kama ana kiuno nyuma ya mbavu, na mtazame kwa ubavu uone kama tumbo linapanda kuelekea mapajani. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha alama moja hadi tisa, ambacho nne na tano ndizo hali nzuri, na kila alama juu ya tano ni takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa ziada. Hapa niweke onyo moja la kwetu: tumbo kubwa lenye mbavu zinazoonekana si unene. Kwa mbwa mdogo mara nyingi ni minyoo. Kwa mkubwa linaweza kuwa maji tumboni, na huyo aende kwa daktari siku hiyohiyo. Jike anaweza kuwa na mimba. Na mbwa anayenenepa ingawa hali sana, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, apimwe damu kabla ya kuanzishiwa mlo, maana tezi zake huenda zina matatizo.

Uzito upimwe kwa mizani. Mbwa mdogo mbebe upande naye kwenye mizani ya bafuni, kisha utoe uzito wako. Mkubwa mpeleke kwenye mizani ya magunia. Tuseme ana kilo 30 na kwa umbo lake alistahili 24. Chukua uzito unaoutaka, zidisha mara 30, ongeza 70: unapata kilokalori 790 kwa siku, mahali pazuri pa kuanzia kwa mbwa anayepunguzwa. Hesabu hii inafaa kwa mbwa wa kati ya kilo mbili na 45 hivi. Sasa linganisha na jikoni kwako. Gramu 100 za unga mkavu zina karibu kilokalori 350. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina 120 hivi, kwa hiyo vijiko sita na nusu vya mafuta vinamaliza posho ya siku nzima kabla bugali haujafika bakulini. Ndiyo maana nasema mafuta ndiyo ya kwanza kuondoka, yote, kisha bugali upunguzwe. Protini isiguswe, ikiwezekana iongezwe. Ndagala kavu ni neema kwa kazi hii: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa nzima na miiba yake laini, zinaleta kalsiamu. Zioshe vizuri kutoa mchanga na chumvi, zichemshe bila mafuta wala kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Lengalenga au boga la kuchemsha lijaze nafasi iliyoachwa na bugali ili asione bakuli tupu. Mlo wa nyumbani wa miezi mingi unaweza kupungukiwa na madini na vitamini, hivyo mwonyeshe daktari wa mifugo unachopika.

Wengine watapendelea kumtembeza kuliko kumpunguzia. Matembezi ni mazuri kwa misuli na akili ya mbwa, ila hesabu yake ni ndogo: mbwa wa kilo 30 akitembea kilomita tatu anachoma takriban kilokalori 90, pungufu ya kijiko kimoja cha mafuta. Mtembezeni alfajiri au jua likizama, na msimkimbize mbwa mnene kwenye lami ya mchana. Bakuli ndilo litakalofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kinachoangusha mipango hii nyumbani kwa kawaida ni wingi wa mikono. Mama anampa asubuhi, mpishi anamtupia ngozi ya kuku, watoto wanampa mandazi, na zamu, yaani mlinzi wa usiku, anagawana naye chakula chake kwa sababu wawili hao ndio wanaokesha pamoja. Kila mmoja ametoa kidogo, na hakuna aliyenenepesha mbwa. Mchague mtu mmoja wa kulisha, kwa kikombe kimoja cha kupimia, na zamu aelezwe kwa heshima kwa nini. Mara nyingi ndiye anayemjua mbwa kuliko mwenye nyumba, naye ndiye atakayeona kwanza kama mnyama amepata nguvu au amedhoofika.

Kupungua kwa asilimia moja hadi mbili za uzito kwa wiki kunatosha. Kwa mbwa wetu wa kilo 30 hizo ni gramu 300 hadi 600. Usimshindishe njaa ili uharakishe, utamyeyusha misuli. Akikwama wiki tatu, punguza tena kidogo, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna anayemlisha kwa siri. Wala usikate tamaa kwa kuwa kilo sita ziko mbali: watafiti wa Glasgow walionyesha mwaka 2010, kwa mbwa 14 wanene wenye ugonjwa wa viungo, kwamba kuchechemea kulianza kupungua kwa namna inayopimika walipopoteza asilimia sita tu ya uzito. Kwa mbwa wa kilo 30 hizo hazifiki kilo mbili. Mpime Jumamosi hii, andika namba hiyo mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona, na mawese yasiingie tena kwenye bakuli lake kuanzia jioni hiyo.